Hewa Ikigeuka Katikati ya Mbio: Kutambua Kosa na Kulirekebisha kwenye Glaida ya Kuning'inia

Mwongozo huu ni wa rubani wa glaida ya kuning'inia (bawa lisilo na injini, rubani akining'inia chini yake) ambaye tayari anaruka masafa na anashiriki mashindano, ila matokeo yake hayatabiriki: hewa ikiwa nzuri siku nzima anafika, hewa ikigeuka anatua njiani. Mfano wetu ni tambarare za Forbes, New South Wales, Australia, ambako mashindano ya dunia ya mwaka 2013 yalifanyika. Pale hakuna mlima wa kurukia. Ndege ndogo nyepesi inakuvuta kwa kamba hadi kama mita 600 juu ya uwanja, unajiachia, na kuanzia hapo huna kingine ila hewa moto inayopanda kutoka kwenye mashamba ya ngano yaliyokwisha kuvunwa. Wanaoruka Iten, juu ya Bonde la Kerio, wamezoea ukingo wa bonde unaowaonyesha hewa inapopandia. Tambarare haina ukingo huo, kwa hiyo kosa dogo la kusoma hewa linaonekana haraka.

Tutatumia neno "mkondo" kwa safu ya hewa moto inayopanda. Maneno mawili tumeyaazima kwa mabaharia: joshini ni upande upepo unakotoka, demani ni upande unakokwenda.

Ukizichambua dalili zilizo hapa chini, nyingi zina mzizi mmoja: rubani anaruka kwa mwendo wa hewa aliyoiacha nyuma badala ya hewa anayoiendea.

Kwanza, siku yenyewe ikoje?

Kabla ya kujilaumu, jua hewa ilikuwa na uwezo gani. Chukua joto la ardhini, toa kiwango cha umande (joto ambalo unyevu wa hewa huanza kugeuka matone), zidisha kwa 125, utapata kimo cha kitako cha mawingu kwa mita. Joto likiwa nyuzi 36 na umande nyuzi 12, tofauti ni 24, na mawingu yatakaa karibu mita 3,000 juu ya ardhi. Mawingu yakikaa chini sana kuliko hesabu hiyo, hewa ina unyevu zaidi ya ulivyodhani, na huenda yakavimba kuwa ya mvua mchana. Yasipotokea kabisa, yaelekea kuna tabaka la hewa yenye joto juu linaloizuia mikondo isifike kimo hicho. Hiyo ni siku ya buluu, na ina sheria zake.

Liandike jibu hilo kwenye karatasi ya mbio kabla ya kuvutwa, pamoja na saa unayotarajia hewa ibadilike. Rubani asiye na saa hiyo kichwani hushtuka mabadiliko yakishafika.

Variometa inalia, lakini hupandi

Hii ndiyo dalili ya kawaida kuliko zote. Variometa ni chombo kinachopima kasi ya kupanda na kushuka, na hulia unapopanda. Kila mzunguko una sekunde tano za mlio mtamu na sekunde nane za kimya, na wastani wa kupanda unabaki nusu mita kwa sekunde huku jirani yako akipanda mita mbili.

Sababu ya kwanza ni duara pana kupita kiasi. Ukiinamisha bawa nyuzi 30 kwa mwendo wa kilomita 42 kwa saa, nusu kipenyo cha duara ni kama mita 24, na mzunguko mmoja unachukua karibu sekunde 13. Ukiinamisha nyuzi 45 na kuongeza mwendo hadi 48, nusu kipenyo kinashuka hadi mita 18, na unazunguka kwa sekunde 8 au 9. Chini ya mita 800 mikondo ya tambarare huwa myembamba, na tofauti hiyo ya mita sita ndiyo inayoamua kama uko ndani au nje. Lakini usiinamishe bawa bila kuongeza mwendo. Glaida iliyoinama inahitaji kasi zaidi ili isizame upande wa ndani, na kujaribu kuizungusha pole pole kwa mwinamo mkali ni kujitafutia mporomoko.

Sababu ya pili hutajwa mara chache, nayo ni upepo. Tuseme hewa ndani ya mkondo inapanda mita 2.5 kwa sekunde, na glaida yako inazama ndani ya hewa hiyo mita 1, hivyo unapanda 1.5. Ili kupata mita 100 unahitaji sekunde 67. Hewa yenyewe inazipata kwa sekunde 40. Upepo ukiwa kilomita 20 kwa saa, wewe umesukumwa mita 370, wakati mhimili wa mkondo umeinama mita 220 tu. Yaani kwa kila mita 100 unazopanda unajikuta mita 150 demani mwa mkondo, hata kama ulizunguka vizuri kabisa. Ndiyo maana tiba ya karibu kila mkondo unaopotea siku ya upepo ni kurefusha upande mmoja wa duara kuelekea joshini, kidogo kidogo, kila mzunguko wa pili au wa tatu. Ukiwa umeupoteza kabisa, nenda joshini kwanza kabla ya kutafuta kwingine. Mkondo ukiwa wa mapovu yanayoachiana nafasi badala ya safu moja, povu jipya pia litakuwa joshini mwako na chini yako.

Sababu ya tatu ni kuamini mlio kuliko mwili. Variometa huchelewa, kwa sababu imewekewa kichujio ili isipige kelele kwa kila mtikisiko. Ikichelewa sekunde moja na nusu, umeshasogea mita 18 au zaidi, ambayo ni nusu kipenyo kizima cha duara lako. Sikiliza msukumo wa upau wa kuongozea mikononi na uzito kwenye hanesi, yaani mfuko wenye mikanda unaokubeba. Mlio ukifika kileleni, sehemu bora umeshaipita. Angalia alama ya mbali iliyokuwa mbele yako wakati ule, zunguka hadi uielekee tena, nyoosha kwa sekunde moja au mbili, kisha inamisha.

Usibadilishe vitu viwili kwa wakati mmoja. Ukisogeza duara na pia ukabadilisha mwinamo, hutajua kipi kilikusaidia.

Unafika chini ya wingu zuri, na hakuna kitu

Hapa kosa ni la saa. Wingu dogo la mchana huzaliwa, hunenepa na kufa kwa muda wa dakika 20 hivi, wakati mwingine pungufu. Kilomita 10 kwa mwendo wa 65 ni dakika 9. Wingu ulilolichagua kwa sababu lilikuwa nono kuliko yote lilikuwa tayari katika nusu ya pili ya maisha yake, na umefika mazishini.

Elekea kwenye ukungu mwembamba unaoanza kujikusanya, au kwenye wingu ambalo kingo zake za juu ni kali kama za koliflawa na kitako chake ni bapa na cheusi. Likiwa na kingo zilizochanika au rangi inayoelekea kahawia, liache hata kama ni kubwa. Uwapo kwenye mkondo, angalia wingu unalolikusudia kila baada ya mizunguko miwili. Ukiliangalia mara tatu utajua linakua au linakufa, na picha moja haitoshi kukuambia hilo.

Sababu nyingine ni kufika upande usio sahihi. Ukiwa karibu na kitako, tafuta chini ya sehemu nyeusi zaidi, mara nyingi joshini na upande wa jua. Ukiwa chini ya nusu ya kimo cha mawingu, sahau wingu na tazama ardhi: kivuli cha wingu kiko wapi, upepo unatoka wapi, na ni shamba gani kavu lililo joshini lililolizaa?

Glaida inazama kupita hesabu baina ya mikondo

Kama variometa inaonyesha mita 3 za kushuka kwa zaidi ya dakika moja mfululizo, usiendelee kukaza mikono ukitumaini itaisha. Siku ya upepo mikondo hujipanga mistari inayofuata upepo, na baina ya mistari hiyo kuna njia ndefu za hewa inayoshuka. Yawezekana umo ndani ya njia hiyo na unaifuata urefu wake. Geuka nyuzi 45 kutoka kwenye mwelekeo wako hadi kushuka kupungue, kisha rudi kwenye mwelekeo. Siku ya buluu fanya hivyo mapema zaidi, kwa kuwa huna mawingu ya kukuonyesha mistari ilipo.

Kama wenzako walio kando yako hawazami hivyo, kagua glaida. Kamba ya kukazia bawa imevutwa hadi mwisho? Wengi huilegeza hadi robo au nusu kwa ajili ya kuzunguka, kisha huisahau. Miguu imenyooka ndani ya hanesi, zipu imefungwa, kichwa kiko chini, viwiko havijatanuka? Bawa likikazwa kabisa huwa zito kugeuka, na kwenye hewa chafu huanza kuyumba kushoto na kulia. Hapo ilegeze kidogo badala ya kupigana nayo.

Wapo wanaotafuta kasi kwa kushusha vijiti vya usalama vinavyoinua ukingo wa nyuma wa bawa. Msifanye hivyo. Vijiti hivyo ndivyo vinavyoinua pua ya glaida ikipigwa na hewa ikaelekea chini, na waandaaji wa mashindano makubwa huvipima. Kilomita mbili kwa saa hazina thamani ya glaida kupinduka mita 1,500 angani.

Ulikuwa wa mbele saa 9, umetua saa 10

Hapa ndipo mbio za hewa geugeu zinaposhindwa, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Paul MacCready, Mmarekani aliyekuwa bingwa wa dunia wa glaida za kukaa ndani (si za kuning'inia) mwaka 1956, ndiye aliyeeneza hesabu ya mwendo bora: ruka kwa kasi inayolingana na nguvu ya mkondo utakaoupata. Kwa glaida ya mashindano isiyo na mlingoti wa juu, makadirio ni haya: ukitarajia kupanda nusu mita kwa sekunde, ruka karibu kilomita 50 kwa saa; mita 1, karibu 57; mita 2, karibu 67; mita 3, karibu 75. Rekebisha kwa glaida yako na uzito wako.

Kosa la kwanza ni kuingiza namba isiyo sahihi. Variometa ilipiga 3, rubani akaweka 3. Lakini alipata mita 600 kwa dakika 6, ukijumlisha kutafuta na kujipanga katikati, yaani wastani wa 1.7. Namba ya kuweka ni huo wastani, tangu ulipoanza kuzunguka hadi ulipoondoka.

Kosa la pili ni baya zaidi. Saa 9 mikondo ilikuwa ya mita 3. Saa 9 na nusu mawingu membamba ya juu yamefunika jua na mikondo imekuwa ya mita 1. Rubani bado anaruka 75. Anapoteza nini? Kwa 75 glaida inazama kama mita 2 kwa sekunde, na wastani wa mwendo wa mbio, ukijumlisha kupanda, ni kilomita 25 kwa saa. Kwa 57 inazama kama 1.17, na wastani ni kilomita 26. Tofauti ni ndogo mno, na ndiyo maana rubani haoni kosa kwenye saa yake. Liangalie kwa upande wa umbali: kutoka mita 1,000, kwa 75 unafika kilomita 10.4, kwa 57 unafika kilomita 13 na nusu. Umejinyima kilomita tatu za kutafuta mkondo unaofuata, katika hewa ambayo mikondo imekuwa adimu.

Geuza hali: mikondo ni ya mita 3 na wewe umebaki kwenye 57 kwa woga. Wastani wako ni kilomita 41 badala ya 45. Hapo umeachwa, lakini bado uko angani. Kwa hiyo hewa ikianza kuwa ya mashaka, kosea kwa upande wa polepole.

Mfumo wa alama wa GAP, uliopewa jina kwa herufi za kwanza za waasisi wake Gerolf Heinrichs, Angelo Crapanzano na Paul Mollison, unakubaliana na ushauri huu. Siku wanapofika wachache, sehemu kubwa ya alama hutokana na umbali. Siku wanapofika wengi, mwendo ndio unaotenganisha watu. Rubani anayetua akiwa wa kwanza kwenye siku mbovu ametupa alama za umbali ili kupata alama za mwendo ambazo siku hiyo hazikuwapo.

Ishara za kupunguza gia, hata kabla ya mkondo dhaifu kukufikia: kivuli mbele, mawingu yaliyokuwa na vitako vyeusi kugeuka meupe yote, glaida zilizo mbele kuzunguka chini bila kupanda, chamchela zilizokuwa zikionekana mashambani kutoweka. Ukiziona mbili kati ya hizo, panda hadi juu kabisa ya mkondo ulionao hata nguvu yake ikishuka hadi nusu mita kwa sekunde. Ishara za kupandisha gia ni kinyume chake, na zisikupite pia: jua likirudi kwenye mashamba makavu, subiri dakika kadhaa mikondo ianze tena, kisha ondoka na kundi la kwanza.

Kivuli kimefunika kituo cha kugeukia

Swali si kama kuna hewa kivulini. Swali ni kivuli kina umri gani. Ardhi kavu haipoi papo hapo, na mara nyingi ukingo wa kivuli unaposogea juu ya shamba lenye joto ndipo mkondo wa mwisho unapojinasua. Kivuli cha dakika tano kinaingilika. Kivuli cha nusu saa hukitegemei.

Kama mviringo wa kituo, yaani duara la kwenye ramani unalopaswa kuligusa, una nusu kipenyo cha mita 400 na uko kilomita 6 ndani ya kivuli, fanya hesabu ya kwenda na kurudi: kilomita 12 kwa uwiano wa kuteleza wa 13 (mita 13 mbele kwa kila mita 1 ya kushuka) ni mita 920, bila hewa inayoshuka. Ongeza 300. Kama huna kimo hicho, baki kwenye ukingo wa jua, hata kwenye mkondo wa 0.3, hadi kivuli kisogee au upate kimo. Dakika 15 za kusubiri ni chungu, lakini walioingia chini wataonekana kwenye mashamba.

Uko mita 400 na hakuna mlio

Kwanza chagua pa kutua, kisha tafuta mkondo demani kuelekea hapo. Kwenye tambarare ya ngano, vyanzo vya kujaribu ni mabua makavu yaliyopakana na shamba la kijani au bwawa, mstari wa miti unaozuia upepo, maghala marefu ya nafaka na viunga vya mji. Hewa moto hulala juu ya shamba kama maji kwenye sinia, na humwagika inapokutana na kizuizi. Tafuta kizuizi hicho, upande wa demani wa shamba lenye joto. Trekta inayotimua vumbi nayo inaweza kuamsha mkondo. Chamchela ni alama ya uhakika, ila usiingie ndani yake ukiwa chini ya mita 150. Ndege wanaozunguka bila kupiga mbawa, nenda kwao bila kusita.

Mita 300: uwanja umeshachaguliwa, mwelekeo wa upepo unajulikana. Mita 150: miguu nje ya hanesi, kamba ya bawa imelegezwa, mawazo ya mkondo yameisha. Tafuta nguzo za umeme badala ya nyaya. Mashamba ya Australia mara nyingi huletewa umeme kwa waya mmoja tu, na nguzo zake hukaa mbali mbali kiasi kwamba waya hauonekani hadi uko juu yake.

Maamuzi yanazidi kuwa mabovu baada ya saa tatu angani

Ardhini nyuzi 38, mita 3,000 juu yake nyuzi 9 hivi, maana hewa kavu hupoteza karibu nyuzi 10 kwa kila kilomita. Unatoka jasho ukisubiri kuvutwa, kisha unatetemeka. Kunywa kabla ya lango la kuanzia, tumia mrija ulio karibu na mdomo, vaa glavu. Ukijikuta umeruka kilomita 10 bila kuangalia wingu lililo mbali, tatizo liko kwenye chupa ya maji.

Unapanda bila kuzunguka, na huwezi kushuka

Wingu likianza kukuvuta, sogea kwenye ukingo wake ungali na mita 300 chini ya kitako. Ukisubiri ufike kwenye kitako, umechelewa. Vuta upau, kaza bawa, elekea kwenye anga la buluu lililo karibu, kwa kawaida pembeni, wala si mbele ya wingu linakokwenda. Mawingu jirani yakianza kuungana, yakiwa marefu kuliko upana wake na mvua ikionekana chini yake, toa taarifa ya hali ya hatari kwa redio kama kanuni za mashindano zinavyotaka, halafu tua mbali nalo. Upepo wa mvua hufika kilomita nyingi mbele ya mvua yenyewe. Usingoje mkurugenzi wa mbio asimamishe mashindano. Wewe ndiye uliye chini ya wingu.

Unatua kilomita moja kabla ya mstari wa kumalizia

Kompyuta ilisema utafika na mita 150 za ziada. Ilikosea wapi? Mara nyingi haikukosea: ilihesabu hewa tulivu. Uko kilomita 14, upepo wa mbele ni 15, unaruka 65 na kuzama 1.5. Mwendo wako juu ya ardhi ni 50, uwiano ni 9.3, unahitaji mita 1,500. Hewa ikishuka nusu mita tu njia nzima, uwiano unakuwa 7 na unahitaji mita 2,000. Nusu mita hiyo huisikii hata mwilini, na imekula mita 500.

Jioni hewa ikiwa inakufa, ondoka na mita 300 hadi 400 za ziada, na zitumie kwa kuongeza kasi katika nusu ya mwisho, usizimalize mwanzoni. Kila kilomita mbili linganisha uwiano unaohitajika na ule unaoupata. Unaohitajika ukipanda mara mbili mfululizo, punguza hadi mwendo wa kuteleza mbali zaidi, ukiongeza kidogo kwa ajili ya upepo wa mbele, na zunguka kwenye chochote kinachokuinua, hata 0.2, ukiwa bado juu ya mita 300. Chini ya hapo chagua shamba lililo kwenye mstari wako, kwa sababu mita zote unazoteleza kuelekea mstari bado zinahesabiwa.